Anza na Maji, Gari Litafuata

Jengo likizidi kurefuka, gari la wasafisha vioo linaweza kuzidi kuwa dogo. Ndivyo ilivyo Dar es Salaam, ingawa wengi wanaoingia kwenye biashara hii hudhani kinyume chake. Vijana wanaoshuka kwa kamba kwenye minara ya Posta na Kisutu wanaweza kufika kazini na Probox moja, vifaa vyote ndani, na nafasi ikabaki. Wanaosafisha madirisha ya nyumba za ghorofa moja Mbezi Beach, Masaki au Ununio ndio wanaohitaji gari lenye mgongo.

Sababu ni maji. Mnara una maji yake: matangi juu ya paa, bomba karibu kila sakafu, na msimamizi wa jengo anayejua yanakotoka. Timu ya kamba inapanda na kamba, mikanda, ndoo ndogo ya kuning'iniza kiunoni, sabuni na mpini wenye mpira wa kukamulia. Kamba ya milimita 11 yenye urefu wa mita 100 ina kilo nane hivi, na kila mfanyakazi anatumia mbili, moja ya kushukia na nyingine ya akiba. Jumlisha vyote vya watu wawili, hutafikia uzito wa abiria mmoja mnene.

Nyumbani kwa mteja mambo ni mengine. Ukanda wa pwani una visima vingi ambavyo maji yake yana chumvi, na nyumba nyingi zinategemea kisima kwa sababu mgao wa bomba hautabiriki. Maji hayo yanafaa kumwagilia bustani na kuoshea baraza. Kwenye kioo ni balaa. Tone likikauka, maji yanapotea na chumvi inabaki, na jua la saa tano asubuhi halimpi mtu nafasi ya kulikimbiza kila tone. Mteja anatoka jioni, jua linapiga kioo kwa ubavu, anaona vidoa vyeupe dirisha zima. Hapo usimweleze habari za kisima chake mwenyewe. Amekulipa kioo kiwe safi.

Maji ya bomba ya DAWASA yanayotoka Mto Ruvu ni nafuu zaidi, lakini nayo yana madini yake, na siku ukiyakuta yamekatika umepoteza safari. Ndiyo maana anayetaka kazi ya majumbani yenye sifa anabeba maji yake, tena yaliyochujwa. Uamuzi huo mmoja ndio unaochagua gari. Rangi ya bodi, muziki na ukubwa wa injini vinasubiri.

Wenzetu wa Uingereza walifika huko zamani. Kanuni zao za kazi za juu za mwaka 2005 ziliwataka waajiri waepuke kupandisha watu pale kazi inapoweza kufanyika chini, na biashara ya kusafisha madirisha ya nyumba ikahama ngazi kwa kasi. Siku hizi msafishaji wa kule anasimama ardhini na fito ndefu ya kuvutika, juu ina brashi, ndani umepita mpira mwembamba wa maji. Maji yenyewe yameondolewa madini yote, kwa hiyo hakuna haja ya kukamua wala kufuta. Brashi inasugua, maji yanasuuza, yanaachwa yakauke yenyewe bila doa. Tangi liko garini, pampu inaendeshwa na betri. Gari limegeuka kuwa kisima chenye magurudumu.

Mtindo huo unafaa sana kwa nyumba zetu za kisasa, zenye vioo vikubwa, nondo za madirisha kwa nje na bustani zisizoruhusu ngazi kusimama. Unafaa pia kwa paneli za sola, kazi ambayo inakua na inalipa. Ila una bei yake, na bei hiyo inapimwa kwa kilo.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kila mtu analijua hilo tangu darasani, lakini ukiwa yadini unaangalia gari tupu linalong'aa, ni rahisi kulisahau. Fito moja ikifanya kazi kwa wastani inatumia lita moja na nusu kwa dakika. Katika siku ya kazi, ukitoa safari, kufungua mipira, kuongea na mlinzi getini na kumsubiri mama mwenye nyumba afunge mbwa, brashi inakuwa juu ya kioo kwa saa nne hivi. Hizo ni lita 360. Ukiwa na fito mbili, zidisha. Wanaotumia ndoo na mpira wa kukamulia wanatumia maji kidogo mno, dumu moja la lita 20 linaweza kumaliza nyumba nzima, na kwao mjadala wa gari karibu unaishia hapo: chochote chenye mlango wa nyuma na keria ya ngazi kinatosha.

Sasa tuingie yadini.

Gari la kwanza kumjia akilini kijana mwenye mtaji mdogo ni Suzuki, iwe Carry ya wazi ambayo mjini tunaiita Kirikuu, au ndugu yake Every mwenye bodi iliyofungwa. Ni magari ya daraja la chini kabisa la Japani, injini ya cc 660, na sheria ya kule inayabana yasibebe zaidi ya kilo 350. Spea zake zipo kila kona, fundi wa chini ya mwembe anayafungua akiwa amefumba macho, na yanapita vichochoro ambavyo gari kubwa lingerudi kinyumenyume. Nayapenda. Lakini tufanye hesabu kabla ya kulipa.

Chukua Every, weka tangi la lita 200 likiwa limejaa: kilo 200. Tangi lenyewe na fremu ya chuma ya kulishikilia, 30. Betri ya pampu, 20. Pampu na mpira wa mita 100 uliozungushwa kwenye kigurudumu chake, 25. Ngazi ya alumini, 15. Fito mbili, 10. Ndoo, sabuni, taulo na sanduku la spana, 15. Umefika kilo 315. Zimebaki 35, na kikomo kile cha 350 kilipangwa kwa watu wawili walioketi mbele. Msaidizi wa tatu akirukia nyuma, mmezidisha. Gari litakwenda, bila shaka litakwenda, tunaona Kirikuu zimebeba mchanga kila siku. Kinachoumia ni breki zake ndogo na springi, na utalijua hilo siku daladala itakaposimama ghafla mbele yako pale Mwenge.

Kwa hiyo Every ni gari zuri la watu wawili, fito moja, nyumba tatu au nne kwa siku. Anayefanya kazi Nairobi apunguze tena matarajio. Jiji lile liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Cc 660 hazina nguvu za kupoteza. Kule tafuta yenye tabo.

Probox ni mfalme wa wafanyabiashara wadogo, na heshima hiyo imeistahili. Imeandikiwa kilo 400. Shida yake kwa kazi hii ni kwamba injini iko mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Ukiweka maji nyuma, pua inainuka na tairi zinazovuta zinapoteza mshiko, hasa kwenye zile njia za mchanga ukishaacha lami kuelekea ufukweni. Kwa timu ya kamba au ya ndoo, ichukue bila kusita. Kwa tangi, hapana.

Noah nitaisema haraka kwa sababu najua ndiyo kishawishi kikubwa. Mtu anawaza: Jumatatu hadi Jumamosi kazi, Jumapili familia kanisani. Kisha zulia linalowa, linalowa tena, ndani kunaanza kunuka uvundo, na mama watoto anagoma kupanda. Ni gari la abiria. Viti vikitolewa sakafu haiko tambarare, na springi zake zilipangwa kwa watu waliokaa safu tatu, si kwa mzigo unaotikisika sehemu moja. Kama ndilo ulilonalo tayari, anza nalo kwa ndoo na dumu. Kununua makusudi kwa ajili ya tangi, sikushauri.

Ambalo halipewi nafasi yake ni TownAce ya mizigo, pamoja na pacha wake LiteAce. Nazungumzia toleo la kuanzia 2008, lile linalotengenezwa Indonesia na kupelekwa Japani, lenye injini ya cc 1,500 chini ya viti vya mbele na magurudumu ya nyuma yanayovuta. Linabeba kilo 700 hadi 750 kutegemea toleo. Rudia hesabu: lita 360 za maji, vifaa kilo 130 baada ya tangi kuwa kubwa zaidi, na bado una kilo 200 za kumchukua mtu wa tatu na mashine ya kuoshea baraza kwa presha. Mzigo ukikaa nyuma, tairi zinazovuta ndizo zinazobanwa chini, kwa hiyo mchangani linapita pale Probox inapobaki ikichimba. Kwa nje ni fupi kuliko Hiace, linageuka geti kwa geti. Kama ningelazimika kumtajia kijana mmoja gari moja kwa kazi ya majumbani Dar es Salaam, lingekuwa hili.

Najua Hiace itadai haki yake, na inayo. Toleo la sasa la wengi, lililoanza 2004, linabeba tani moja na mengine kilo 1,250. Lile la mizigo lenye viti vya mbele tu lina sakafu ya mita tatu, maana yake ngazi inalala ndani na mlango unafungwa. Ngazi ya ndani haiibiwi usiku wala haipigi kelele barabarani. Spea ndiyo usiseme. Nchi iliyolelewa na vipanya haiwezi kukosa bushi ya Hiace. Lakini Hiace ni ya mwenye kazi ya kuilisha: hoteli, shule, timu mbili zinazoshuka sehemu mbili tofauti. Wengi wanainunua kwa sababu inaonekana kampuni, kisha inazunguka mjini na maji lita 300 kwenye bodi ya tani moja, ikinywa mafuta ya tani moja. Na kumbuka tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari Tanzania Bara iliondolewa ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Anayechoma lita nyingi ndiye anayeilipa zaidi, kidogo kidogo, kila anapojaza.

Hapo kwenye mafuta kuna mtego mmoja wa Hiace za dizeli. Zile za lita tatu zilizotoka Japani miaka ya karibuni nyingi zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo linajisafisha lenyewe gari likikimbia kwa muda mrefu likiwa limepata moto wa kutosha. Kazi yetu ni Sinza hadi Mikocheni, Mikocheni hadi Masaki, foleni, zima, washa. Linaziba. Taa inawaka kwenye dashibodi, gari linakosa nguvu, na fundi anakushauri ulikate. Dizeli inamfaa anayekwenda Bagamoyo na Chalinze kila wiki. Kwa mizunguko ya mjini ya kilomita 30 kwa siku, petroli ya cc 2,000 haina makuu hayo, hata kama kwenye pampu inaonekana inakula zaidi.

Namba ya kilo usimwulize dalali. Magari ya mizigo yaliyotoka Japani huwa na kibandiko nyuma, kidogo, maandishi ya Kijapani yakifuatiwa na tarakimu na "kg". Ndicho kikomo cha mzigo. Mara nyingine utakuta tarakimu mbili, moja kwenye mabano: ndogo ni pale kiti cha nyuma kikiwa kimekaliwa. Kama kibandiko kimebanduliwa wakati wa kupigwa rangi, namba hiyohiyo imo kwenye cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani, kile kinachotumika bandarini. Mwuzaji aliyeingiza gari kihalali anacho, au anayo nakala.

Kuagiza mwenyewe au kununua yadini? Ukiagiza, usipige hesabu kwa bei ya mtandaoni. TRA wana thamani zao za magari yaliyotumika kwenye mfumo wao, na kodi inaanzia hapo: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini na umri, VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo, na tozo nyingine ndogondogo ikiwamo ya reli. Kikokotoo chao kiko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuingiza mwaka na aina ya gari akaona kabla ya kutuma hata senti. Tanzania haikatazi gari kuukuu, inalitoza zaidi. Kenya hairuhusu kabisa lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Uganda imefunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Mwenzetu wa Mombasa anayesoma hapa asije akavutiwa na bei ya Kirikuu ya 2009.

Yadini, anza kwa kuinama. Magari haya yalikuwa ya kazi huko kwao, ya fundi umeme, ya muuza maua, ya msambaza magazeti. Bodi hupigwa polishi, sakafu haipigwi. Nyanyua mpira wa sakafuni, utaona matundu ya skrubu palipokuwa na rafu za mtangulizi wako. Matundu si tatizo, kutu inayoyazunguka ndiyo tatizo, kwa sababu wewe unaleta maji. Kisha lala chini, shika tochi, fuata chesisi kuanzia ekseli ya nyuma. Gari lililoishi mikoa ya theluji limekanyaga barabara zilizomwagwa chumvi kila msimu wa baridi, na huanza kuoza kwa chini likiwa bado linang'aa juu. Ukigonga kwa mpini wa bisibisi na ukasikia sauti imezibwa badala ya kulia, au magamba yakianguka, nyanyuka ujipanguse. Pwani yetu ina chumvi yake ya hewani ya kumalizia kazi.

Gari lililopitia mnada wa Japani lina karatasi ya mnada, na karatasi ina daraja. Nne na kwenda juu ni zuri, tatu na nusu ni la kazi lisilo na aibu. Herufi R inamaanisha limewahi kugongwa na kutengenezwa. Hilo pekee halitoshi kulikataa, ila bei iseme hivyo pia, na uangalie kama milango ya pembeni inateleza bila kusukumwa kwa bega. Utaufungua mlango ule mara 30 kwa siku. Angalia tairi nazo. Gari la mizigo linataka tairi za mizigo, zenye alama ya LT ubavuni au namba ya matabaka. Yadi nyingi huweka tairi za gari dogo kwa sababu ni rahisi na zinapendeza, na ukiweka tangi utaona ubavu umebonyea kabla hujatoka getini.

Kimo ni jambo dogo linalosumbua sana. Hiace ya paa la kawaida ina mita 1.98. Weka keria na ngazi juu yake umepita mita 2.2, na maegesho mengi ya chini ya majengo yana bomba la kuzuia kimo kwenye kiwango hicho au chini yake. Utaegesha nje, utalipia, na mtabeba mipira kwa mikono kuingia ndani. Kama wateja wako ni ofisi za mjini, ngazi ilale ndani ya gari au gari liwe fupi.

Sasa tangi, ambako hatari ipo na watu hawaioni. Simtanki la nyumbani, lile la duara lililosimama, limetengenezwa likae juu ya msingi tambarare lisiguswe miaka 20. Halikutengenezwa lisafiri. Ni refu, kwa hiyo uzito uko juu, na ndani halina kizuizi, kwa hiyo maji yakiwa nusu yanakwenda mbele na nyuma yakivuta gari nayo. Kwenye mzunguko ukiwa na kasi utahisi usukani unaamuliwa na mtu mwingine. Linalohitajika ni tangi bapa, la chini, lenye kuta za ndani zilizotobolewa zinazovunja wimbi.

Halafu namna ya kulifunga. Kamba za mizigo hazitoshi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta na kusimama ndani ya nusu mita, maji ya kilo 400 yanasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani nane. Nyuma ya tangi hakuna mtu, mbele yake mpo wawili. Kwa hiyo fremu ya chuma, na bolti zinazopita sakafu hadi kwenye chesisi, zikiwa na mabamba mapana upande wa chini ili bati lisichanike. Tangi likae mara tu nyuma ya viti vya mbele, katikati ya ekseli mbili, siyo mlangoni nyuma kwa sababu tu ndiko kunakofikika. Fundi wa kuchomelea atakwambia analiweza kwa nusu siku. Msimamie, na mwambie atumie bolti badala ya kuchomelea kwenye chesisi yenyewe.

Kwa asiye na fedha za tangi la namna hiyo, kuna njia ya Kiswahili kabisa: madumu. Madumu kumi ya lita 20 yaliyopangwa safu mbili ndani ya sanduku la mbao lililofungwa sakafuni ni lita 200, na maji hayawezi kukimbia kwa sababu kila dumu ni chumba chake. Likiisha moja, unahamisha mpira wa pampu. Inachosha, lakini ni salama kuliko simtanki nusu tupu, na siku ukikodiwa kazi ya ndoo unayashusha na kuacha gari jepesi.

Maji safi yanatengenezwa nyumbani, si garini. Mtambo wa kuchuja kwa presha pamoja na chujio la resini mwishoni unakaa uani, unajaza usiku, gari linabeba yaliyo tayari. Kalamu ya kupimia chumvi ya maji ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na anayefanya kazi hii anakaa nayo mfukoni: chini ya 10 kioo kinakauka bila doa, ukikaribia sifuri ndiyo vizuri zaidi. Ukitegemea resini peke yake na maji ya kisima cha Dar, itakufa haraka mno, utakuwa unafanyia kazi duka la resini. Ila masika yakifika, Machi hadi Mei, mbingu inakuletea maji yasiyo na madini bure. Yakivunwa kwenye bati safi, baada ya mvua ya mwanzo kuosha vumbi, yakipitishwa kwenye chujio la kawaida la uchafu, kalamu itakupa tarakimu ambayo kisima hakitaifikia kamwe. Matangi yale ya duara hapo uani ndipo mahali pake hasa.

Na je, lazima kununua? Kuna Kirikuu za kukodi kila mtaa, na dereva wake anajua njia. Sanduku la madumu linaweza kupakiwa na kushushwa. Kwa miezi ya mwanzo, kodi kwa siku za kazi tu, andika kila shilingi, na siku jumla ya kukodi kwa mwezi itakapopita rejesho la mkopo pamoja na bima na mafuta, hapo gari litakuwa limejinunua kwenye daftari kabla ya kujinunua yadini. Daftari hilo litakwambia pia umekuwa ukibeba lita ngapi kweli, na namba hiyo ndiyo ya kwenda nayo sokoni. Ukinunua, chukua jeupe, liandikwe jina na simu kwa herufi za kusomeka ukiwa umesimama taa nyekundu, na vioo vyake vyenyewe viwe safi. Wateja wanaangalia. Bima kubwa inalinda gari. Uliza kwa maandishi kama pampu, fito na tangi vimo, maana kwa kawaida havimo mpaka uvitaje.

Kabla ya kulipa, omba jambo moja ambalo yadini watalishangaa: kulijaribu likiwa na mzigo. Nenda na madumu yako kumi, yajazeni kwenye bomba la yadi, yapangeni ndani. Pima kwa futi urefu kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la nyuma, kabla na baada. Likishuka kidogo na pande zote mbili sawa, springi ziko hai. Likishuka upande mmoja zaidi, kuna iliyokatika au iliyochoka. Kisha lipeleke mlima wa Chuo Kikuu pale Mlimani, upande gia ya pili bila kulikimbiza, ushuke ukikanyaga breki mara tatu kwa nguvu, na rudi yadini usikie kama magurudumu yana joto sawa ukiyakaribia kwa kiganja bila kuyagusa. Mwuzaji akisema maji yatamchafulia gari, mwambie ndiyo kazi linayokwenda kufanya, na yadi ya pili iko mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo.